Ganzi Haikuwa Tatizo: Kisa cha Dereva wa Malaba Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Mgonjwa wa kisa hiki ni dereva wa trela, mwanamume wa makamo anayekaa Malaba, upande wa Uganda, pamoja na mkewe, mama yake na watoto. Kazi yake ni kuvuta makontena kutoka Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine kusonga mbele hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Nimekichagua kisa chake kwa sababu upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kilichokwenda kombo ni wiki zilizofuata, na karibu yote yalitokana na jambo moja: hakuna aliyemweleza kwamba maumivu, udhaifu na ganzi haviondoki kwa pamoja, na kipi huanza kuondoka. Basi akaogopa yasiyotisha, na lile lililostahili kumtisha akalifunika kwa plasta.

Kabla ya kisu

Maumivu yalianza kiunoni, yakakaa hapo kwa miaka, jambo la kawaida kwa watu wanaoshinda juu ya injini inayotetema. Halafu yakashuka: tako la kushoto, upande wa nje wa paja, chini ya goti, mpaka juu ya unyayo na kidole gumba. Akikohoa au kupiga chafya, yanampiga mguu mzima. Alinunua vidonge dukani, akachuliwa, akalala kwenye mkeka sakafuni, akaendelea kuendesha. Dalili iliyomleta kwangu hakuiona yeye, aliiona taniboi wake, yaani utingo wa lori: mzee akipanda kibini, ncha ya kiatu cha kushoto inanasa kwenye ngazi. Nyumbani nako kandambili zilikuwa zinamvuka mguuni bila mwenyewe kujua.

Nilimwomba atembee kwa visigino. Mguu wa kulia uliweza, wa kushoto unyayo ukaanguka. Nilipobonyeza kidole gumba chake kwa kidole changu kimoja, hakikuweza kushindana nami. Hali hiyo inaelekeza kwenye neva inayoitwa L5, na kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, alichofanyiwa Kampala kikathibitisha. Diski, yaani ile pedi iliyo kati ya pingili na pingili, ilikuwa imepasuka kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, na kipande cha ndani kimetoka na kuikandamiza neva. Ujuzi huu si wa kale sana. Ni mwaka 1934 ambapo William Mixter na Joseph Barr wa Boston walionyesha kwa uwazi kwamba diski iliyopasuka ndiyo huleta maumivu haya ya mguu. Kabla ya hapo watu walipewa kila aina ya maelezo.

Wengi wenye diski ya namna hii hawahitaji kupasuliwa. Kwa sehemu kubwa yao maumivu hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, kutembea na subira. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 283, ulilinganisha waliopasuliwa mapema na walioambiwa wasubiri. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, ingawa watu 39 katika kila 100 wa kundi la kusubiri waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Dereva wetu hakuwa wa kusubiri. Unyayo ulikuwa unazidi kulegea wiki hadi wiki, na mguu anaoutegemea kwenye klachi hauchezewi. Angekuwa na ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, au mkojo kugoma, au miguu yote miwili kulegea, asingelala nyumbani hata usiku mmoja. Hapo mtu huhesabu saa.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu. Tajiri mwenye lori alitoa sehemu, ukoo ukauza ng'ombe, nyingine ni deni. Hospitali za serikali Uganda ziliondoa malipo ya huduma za kawaida mwaka 2001, lakini mtu wa Malaba anayetafuta MRI na daktari bingwa wa mgongo bado atatoa nauli, kipimo, dawa na chakula cha anayemuuguza. Dereva hulipwa kwa safari. Asipovuta kontena, hakuna kinachoingia. Likumbuke hili, maana ndilo lililoendesha maamuzi mengine yote.

Kilichofanyika chumba cha upasuaji

Majirani wa Malaba wanaamini alitolewa diski na kuwekewa vyuma. Hakuwekewa chuma chochote. Alilazwa kifudifudi, akakatwa sentimita chache kiunoni, misuli ikasogezwa pembeni, kidirisha kidogo kikachongwa kwenye mfupa, na kile kipande kilichokuwa kinaikandamiza neva kikatolewa. Sehemu kubwa ya diski ilibaki mahali pake.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu tundu ambalo kipande kilipitia halishonwi. Linajiziba lenyewe taratibu kwa kovu, na kovu hilo huwa dhaifu kuliko ukuta wa asili wa diski. Kipande kingine kinaweza kutoka palepale. Hilo huwatokea watu kati ya 5 na 15 katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji huu. Aliyefungwa vyuma ili pingili mbili ziungane ana hadithi nyingine: mfupa huchukua miezi kushikana, masharti yake ni makali zaidi, na sigara humharibia kabisa. Wagonjwa wawili hukutana kwenye benchi la kliniki, wote "wamefanyiwa mgongo", wakapeana ushauri ambao haumfai hata mmoja wao. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu, muulize alifanyiwa nini.

Wodini

Alizinduka, akausogeza mguu, akacheka. Moto ule wa mguuni ulikuwa umezimika. Kiuno kilimuuma, lakini kwa namna tofauti, maumivu ya nyama iliyokatwa. Alimwambia mkewe, "Mama watoto, nimepona."

Kicheko hicho ndicho kilichomponza baadaye. Nafuu ya siku ya kwanza ni ya kweli, lakini ndani yake kuna mkono wa dawa za usingizi na za maumivu ambazo bado zimo mwilini. Baada ya siku chache neva iliyoguswa na kusogezwa huvimba kidogo, na sehemu ya maumivu hurudi kutembelea. Asiyejua hilo anadhani ameibiwa.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alimsimamisha atembee. Mkewe, aliyekuwa amelala sakafuni kando ya kitanda kama wanavyolala wauguza wagonjwa wote wa hospitali zetu, aliona ni ukatili. Sio ukatili. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni, mapafu kujaa, na misuli ya mgongo kulegea wakati inapohitajika kuliko siku zote. Walimfundisha pia kutoka kitandani: ukunje magoti, ugeuke mabega na nyonga kwa pamoja kama gogo, ushushe miguu, huku mkono ukikusukuma kuinuka. Hakuna kukurupuka kwa kuinua kifua. Jambo hilo moja alilishika vizuri mpaka leo.

Mpira wa mkojo ulitolewa siku hiyohiyo, akakojoa mwenyewe. Choo kikubwa kilichelewa siku kadhaa. Dawa kali za maumivu, tramadol ikiwemo, hufunga tumbo, na mtu anayejikamua chooni huku ana nyuzi kiunoni atajuta. Papai, maji mengi, mboga za dodo (mchicha), na asione haya kuomba dawa ya kulainisha.

Siku ya tatu aliruhusiwa. Karatasi aliyopewa iliandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, mistari michache: dawa, tarehe ya kutoa nyuzi, "asinyanyue vitu vizito", tarehe ya kurudi. Dereva huyu anasoma Kiswahili bila shida na Kiingereza cha hati za mizigo. Hakuna aliyekaa naye. Siilaumu hospitali moja. Nimeziona karatasi za namna hiyo kutoka kila upande wa nchi.

Safari ya kilomita zaidi ya 200

Kutoka Kampala hadi Malaba unapita Mukono, msitu wa Mabira, Jinja, Iganga, Bugiri, Tororo. Ndugu yake alitaka wapande taksi ya abiria 14, wabanane kiti cha nyuma. Kwa bahati tajiri alitoa gari dogo. Kiti cha mbele kililazwa nyuma kiasi, mto mdogo ukawekwa kiunoni, wakasimama kila baada ya dakika 45 hivi ili ashuke na kutembea kidogo. Kama familia ina pesa ya kugharamia starehe moja tu katika safari nzima ya ugonjwa huu, mimi ningeiweka hapa.

Nyumba isiyotajwa kwenye karatasi

Sasa tunafika penyewe. Masharti ya upasuaji huu yaliandikwa na watu wenye choo cha kukalia, maji ya bomba jikoni na kitanda kirefu. Mgonjwa wetu ana choo cha shimo nyuma ya nyumba, na bomba la mtaa liko mbali kidogo.

Choo kwanza. Kuchuchumaa mpaka chini hukunja kiuno hadi mwisho, na kuinuka kutoka pale bila cha kushika ni kazi nzito kwa mguu wenye unyayo uliolegea. Wiki ya kwanza alikuwa anashika ukuta huku anatetemeka. Suluhisho lilitoka kwa fundi seremala jirani: kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, na mti mmoja ukasimikwa ukutani wa kushikia. Kiti cha plastiki kilichokatwa kwa msumeno nacho kinafaa, ila mtu mzito akijaribu, miguu ya kiti hufunguka, basi kiimarishwe. Natamani kila anayekwenda kupasuliwa mgongo akiache kiti hicho tayari nyumbani kabla hajaondoka.

Pili, jerikani. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya shinikizo walivyochukua kwa sensa ndani ya diski ya L4/L5, ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, ya mtu aliyejitolea. Ni mtu mmoja tu, lakini namba zake zinasema mengi. Akilala chali, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.1. Akisimama, 0.5. Akiinua kilo 20 kwa kuinama na mgongo uliokunjwa, 2.3. Akiinua uzito uleule kwa kukunja magoti, 1.7. Kilo 20 ni jerikani moja ya maji iliyojaa, na diski iliyopimwa ni ileile ya dereva wetu. Hata ukikunja magoti kwa ustadi wote, jerikani bado ni zaidi ya mara tatu ya kusimama. Kwa hiyo wiki sita za mwanzo sharti langu lilikuwa birika na sahani, si zaidi. Jerikani iliyojaa isubiri miezi mitatu. Watoto walichota, na mzee alijisikia vibaya kukaa barazani akiwatazama. Hiyo aibu nayo ni sehemu ya ugonjwa, asiidharau mtu.

Sala ilimsumbua kuliko nilivyotegemea. Ni Mwislamu anayeswali kwa wakati, na rukuu na sujudi ni kuinama kwenyewe. Imamu wa msikiti wao alimwambia aswali kwenye kiti, arukuu na kusujudu kwa kuinamisha kichwa, asiyeweza kusimama hukaa. Nilifurahi jibu hilo lilitoka kwa imamu. Lingetoka kwangu, angelihesabu ni maneno ya kliniki.

Godoro: si lazima liwe jipya, lisiwe tu limebonyea katikati. Mkeka sakafuni ulipigwa marufuku, si kwa sababu sakafu ni ngumu, bali kwa sababu ya kuinuka kutoka pale. Alalie ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti, anavyopenda.

Tendo la ndoa hakuna aliyeuliza, na kwa desturi hakuna anayeuliza. Nilianza mimi, nikiwa naye peke yake. Baada ya wiki mbili hadi nne, maumivu yakiruhusu, hakuna ubaya, mgonjwa awe chali chini na mwenzake ndiye mwenye kujongea. Alitazama dirishani muda wote, lakini alisikia kila neno.

Halafu wageni. Hapa ndipo mgongo wake ulipoanza kuharibika bila mtu kugundua. Mgonjwa aliyetoka Kampala hutembelewa, na anayetembelewa huketi sebuleni. Sofa lao ni laini na fupi; ukilikalia, magoti hupanda juu ya nyonga na kiuno hukunjika. Karatasi ilisema asinyanyue vizito. Haikusema asikae. Akaketi humo mchana kutwa kwa heshima ya wageni, akiona anafuata masharti yote. Katika wiki hizo za mwanzo kukaa kungekuwa kwa dakika 20 au 30, kwenye kiti cha mbao chenye mgongo, kisha kusimama na kuzunguka ua.

"Operesheni imekataa"

Wiki ya nne kulikuwa na mazishi, kijiji kisicho mbali na Tororo. Kwa mila zetu, mtu anayetembea kwa miguu yake hawezi kukosa maziko ya jirani. Alipanda boda, barabara ya vumbi yenye mashimo, kwenda na kurudi. Usiku ule moto ulirudi mguuni.

Alipofika kwangu alikuwa ameshalala kitandani siku kadhaa, amefunga mkanda wa mgongo usiku na mchana, na amekuwa mkali kwa kila mtu. "Musawo, operesheni imekataa," alisema. (Musawo ni daktari, kwa Kiganda.) "Mguu unauma tena, na kidole hiki hakijasikia kitu tangu siku ile. Wamenikata mshipa." Neno la mshipa lilikuwa la mama yake. Bibi huyo alikuwa ameshaanza tiba: mguu kwenye beseni la maji moto ya chumvi kila jioni, na ukienda kuwa baridi, anausogeza karibu na sigiri.

Nilimpima. Kidole gumba, ambacho kabla ya upasuaji hakikuweza kushindana na kidole changu, sasa kilishindana kwa muda mfupi kabla ya kushindwa. Alipolala chali nikaunyanyua mguu ulionyooka, ulifika juu zaidi kuliko mara ya kwanza aliponijia. Mkojo, choo na hisia za makalio vilikuwa salama. Hii si picha ya upasuaji uliokataa. Ni neva iliyochokozwa. Daktari aliyempasua alipopigiwa simu alikubaliana: tusikimbilie MRI nyingine, tumtazame kwa wiki mbili, udhaifu ukiongezeka arudishwe mara moja.

Nikamchorea kwenye karatasi kile alichopaswa kuchorewa siku ya kutoka hospitali. Neva ikiachiwa, cha kwanza kuondoka huwa maumivu ya mguu, mara nyingi ndani ya siku au wiki chache, ingawa huja na kuondoka hasa mtu anapoongeza shughuli. Nguvu hufuata kwa wiki na miezi. Ganzi huwa ya mwisho, na kwa wengine kipande kidogo chake hakiondoki kamwe. Nyuzi za neva zilizokufa huota upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mtu mzima ni karibu mita nzima. Mwenye kufanya hesabu ataona kwa nini wiki nne si kitu. Maumivu ya kiuno chenyewe, yaani ukakamavu wa asubuhi na uchovu wa jioni, yako kwenye ratiba yake na hudumu miezi; upasuaji huu ulifanywa kwa ajili ya mguu, kiuno hakikuahidiwa mengi.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama na ule unyevu kwenye kidonda uko kwenye ratiba.

Plasta

Nyuzi zilitolewa kituo cha afya siku ya 12, kidonda kikiwa safi. Wiki moja baadaye fulana ilianza kuwa na doa. Hakumwambia mtu. Alibandika plasta, ikilowa anabadilisha, na alipokwenda mazishini alibandika mbili. Kwake hilo lilikuwa jambo dogo, kwa sababu halikuuma. Ganzi, ambayo haikuwa dalili ya hatari, ndiyo iliyomnyima usingizi.

Nilipofungua, sehemu ya chini ya kovu ilikuwa nyekundu, ina joto, na usaha mdogo ukitoka ukibonyezwa. Hakuwa na homa. Alipelekwa siku hiyohiyo kwa daktari, usaha ukachukuliwa kupimwa, damu ikapimwa kuona kama maambukizi yamezama hadi kwenye diski, akaanzishiwa dawa na kusafishwa kidonda. Bahati ilikuwa upande wake: yalikuwa ya juu juu, yakaisha. Yangefika kwenye diski, tungekuwa tunazungumza juu ya wiki nyingi za sindano na maumivu ya mgongo yasiyompa nafasi ya kugeuka kitandani.

Kwa hiyo hofu yake tuliipangia mahali papya. Kidonda kinacholowa, chekundu au chenye harufu. Homa na baridi. Maumivu ya mgongo yanayozidi badala ya kupungua baada ya wiki ya pili: hospitali. Majimaji meupe kama maji yanayotoka kwenye kovu pamoja na kichwa kinachouma ukiketi na kutulia ukilala: hospitali, kwa sababu huenda utando wa uti wa mgongo unavuja. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla: hospitali bila kungoja kesho. Mkojo kugoma, ganzi kuenea kwenye makalio, unyayo kulegea zaidi: vivyo hivyo. Mkewe ndiye aliyeyaandika haya, kwa Kiswahili, nyuma ya kalenda ya ukutani.

Na beseni la maji moto? Hapo ilibidi nizungumze na bibi kwa adabu. Sikumwambia tiba yake ni ya kijinga. Nilimwomba aingize kiwiko chake kwanza kwenye maji anayompa mwanawe. Alikitoa haraka. Mguu wenye ganzi haujui kupiga kelele. Utaungua kwenye sigiri huku mwenye mguu anasimulia hadithi. Nikampa kazi nyingine: kila jioni aukague unyayo wa mwanawe, juu na chini, kama kuna mchubuko au mwiba. Aliipenda kazi hiyo, na alikuwa makini kuliko muuguzi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Dawa za kuchua na chanjo za wembe mgongoni alizokuwa ameshapanga, alikubali ziahirishwe.

Kutembea, na mengine

Mkanda wa mgongo tuliuvua hatua kwa hatua. Unamfariji mtu, siubishii, lakini misuli inayofungwa usiku na mchana husahau kazi yake. Dawa yenyewe ilikuwa kutembea: dakika kumi, mara nne kwa siku, mahali tambarare, akiongeza kidogo kila siku chache mpaka nusu saa mara mbili. Kwa unyayo, aliketi na kupitisha leso ya mkewe chini ya vidole akiuvuta kuelekea kwake, ili kifundo kisikakamae wakati nguvu bado zinarudi.

Kuanzia wiki ya sita tuliingia mazoezi yenyewe: kukaza tumbo, kunyanyua nyonga akiwa chali, kusimama kwa mguu mmoja, na baadaye kubeba uzito. Wapo wanaoogopa kumpa mgonjwa wa mgongo mazoezi mazito. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yalionyesha kwamba walioanza programu ya mazoezi wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji wa diski walipungukiwa maumivu na ulemavu haraka kuliko wasiopewa kitu, na hakukuwa na dalili kwamba mazoezi yanaongeza kurudiwa upasuaji. Kuna hata madaktari wa Marekani waliowaachia wagonjwa wao bila masharti yoyote tangu mwanzo, na matokeo yakawa mazuri. Mimi sijafika huko. Wagonjwa wao hawakurudi kwenye jerikani, boda na trela.

Tajiri alianza kupiga simu mwezi wa pili. Alikuwa amempa lori dereva mwingine na alitaka jibu. Kwa mtu wa ofisini ningesema wiki nne hadi sita. Kwa trela nilisema miezi mitatu, na siku yoyote aliyomeza tramadol haruhusiwi kushika usukani hata wa gari dogo. Dereva alikasirika, akataka kwenda kinyume, na kwa deni alilokuwa nalo sikushangaa. Kilichomzuia ni kwamba alijaribu kupanda kibini lori likiwa limesimama uani kwa tajiri, na unyayo ukanasa kwenye ngazi mbele ya watu.

Mwezi wa nne alirudi, njia ya Malaba hadi Kampala peke yake. Kiti cha lori kiliongezewa springi na mto wa kiunoni. Anasimama Iganga na Jinja kutembea hata kama hajisikii haja. Hafungi turubai, hapandi juu ya mzigo. Nguvu za unyayo zimerudi karibu zote. Ncha ya kidole gumba bado ina ganzi, na hajaizungumzia kwa muda sasa.

Juzi ameniomba barua ya kumruhusu arudi njia ya Elegu, ambako malipo ni mazuri zaidi. Mgongo wake naona unaweza safari hiyo. Wasiwasi wangu ni gurudumu: tairi la trela likipasuka kati ya Gulu na Elegu usiku, yeye na taniboi wake watalinyanyua, kwa sababu hakuna mwingine. Nimesema nitaandika barua kama lori litakuwa na taniboi wawili. Tajiri anasema taniboi wa pili ni gharama, dereva anasema atamlipa mwenyewe nusu. Bado wanavutana.